Bwana Afya na Nyasi za Mbwa Wake

Bwana Afya hakuwa mtu wa kuanzia sebuleni. Akifika kwenu alipita ubavuni mwa nyumba, akaenda moja kwa moja uani, akafungua mlango wa choo na kumulika ndani kwa tochi, hata kama ni saa nne asubuhi na jua linawaka. Salamu zilikuja baadaye. Siku moja alimfungulia mjomba wangu, naye mjomba alikuwa amechuchumaa. Mjomba akapiga ukelele. Bwana Afya akasema, "Endelea tu, ndugu yangu," akarudisha mlango, akasimama nje kumsubiri. Mjomba alipotoka, kitu cha kwanza alichoulizwa ni kama amenawa. Hakuwa amenawa. Akaandikiwa onyo.

Kwa miaka yote niliyomjua, hapa Kilosa sikusikia mtu akimwita kwa jina lake, na sidhani kama wengi walilijua. Mke wake tulimwita Mama Afya, ingawa hakuwahi kuajiriwa na wala vumbi halikumsumbua sana. Mzee alipostaafu, cheo kilibaki naye. Aliendelea kuvaa mabuti yake meupe ya mpira, aliendelea kutembea na kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu, na aliendelea kufunua masufuria ya watu.

"Bwana Afya, si umestaafu?" watu walimuuliza.

"Mimi nimestaafu," alijibu. "Nzi nao wamestaafu?"

Mama yangu alimchukia kwa moyo wake wote. Alikuwa na mgahawa karibu na stendi, chai na maandazi asubuhi, wali maharage mchana, na Bwana Afya aliufunga mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa sababu ya beseni moja la kuoshea vyombo. Yeye alitaka matatu. Mara ya pili mabeseni matatu yalikuwepo, lakini maji yalikuwa yaleyale, yanahamishwa tu kutoka beseni hili kwenda lile. Mama akaanza kumweleza habari za bomba kukatika tangu juzi. "Sitaki maelezo," alisema, "nataka sabuni." Maneno hayo yakaenea mji mzima. Sisi watoto tuliyatumia shuleni kwa kila kitu, na nilimsikia jirani yetu mmoja akimwambia hivyo mumewe aliyerudi amechelewa na ana harufu ya kwingine.

Mwaka mmoja kipindupindu kilipotusogelea, hakuugua hata mtu mmoja aliyekula kwa mama. Mama alisema ni Mungu. Baba akasema ni Mungu na mabeseni matatu. Hawakusemeshana mpaka kesho yake.

Wala msidhani kwamba mzee mwenyewe alikuwa malaika. Niliwahi kumfuma Dumila, nikitoka Morogoro na nasubiri gari la kuja nyumbani. Amesimama kwenye jiko la mishikaki, tai shingoni, anakula kwa mkono ambao haujaona maji, nyama imepambwa kwa nzi na vumbi la malori. Nikamwendea makusudi.

"Shikamoo, Bwana Afya."

Alimeza kwanza. "Marahaba, mwanangu."

"Umenawa?"

Akanitazama, akautazama mshikaki. "Dumila si eneo langu la kazi," alisema, na akaongeza mwingine.

Lakini maajabu yake yote hayakufikia habari ya mbwa. Enzi zake kazini, yeye ndiye aliyekuja na ndoo ya nyama iliyotiwa sumu mbwa wa mitaani walipozidi. Tulifungiwa ndani siku hiyo, na jioni tuliwaona wamelala kando ya reli, wengine bado wanarusha miguu. Nilijua wazee wa heshima waliokataa kumpa mkono kwa wiki nzima baada ya hapo, na si kwa sababu waliwapenda mbwa. Halafu mtu huyohuyo, mwaka aliostaafu, akaonekana akitoka kwenye majengo ya zamani ya reli amebeba vitoto viwili vya mbwa ndani ya kofia yake. Mama yao alikuwa amekufa. Aliwapa majina Onyo na Faini. Onyo alikuwa jike, amezaliwa kwanza. Faini dume, amefuata. Alieleza kuwa ndio utaratibu wa kazi.

Mtaa wetu ni wa Waislamu watupu, isipokuwa nyumba tatu, na ya Bwana Afya ni mojawapo. Mbwa hatuwagusi. Mate yao yakikupata unaosha mara saba, moja kwa udongo. Mzee alilijua jambo hilo kuliko baadhi yetu, na alilitumia kututia aibu. "Nyinyi mnaosha mara saba mkiguswa na mbwa," alisema, "na mkitoka chooni mara ngapi?" Shekhe wetu alicheka mpaka akashika ukuta. Sisi wengine hatukucheka.

Onyo na Faini waliishi uani nyuma ya nyumba, kwenye uga alioutenga kwa wavu, upana wa kama vyumba viwili. Kiangazi hapakuwa na neno. Masika, udongo wetu wa mfinyanzi ukilowa, uga uligeuka tope la kunata, na mbwa walitoka nalo mpaka tumboni. Siku moja mlango ulisahauliwa wazi. Mama Afya alikuta nyayo kutoka jikoni mpaka juu ya shuka nyeupe za wageni.

"Chagua," alimwambia mumewe. Nyumba zetu zimekaribiana. Hatukuhitaji kutega sikio. "Wao au mimi. Na usiniandikie barua, nijibu kwa mdomo."

Hapo ndipo naingia mimi, na kosa la kwanza ni langu. Nilikuwa nafanya kazi Mikumi, kwenye hoteli moja ya watalii. Kazi yangu ilikuwa kufua, na pia kutunza eneo la bwawa la kuogelea, ambalo lilizungushiwa nyasi bandia, zile za plastiki kama za uwanja wa mpira. Mwaka huo hoteli ilikuwa inabadilisha nyasi hizo, na marobota ya zamani yalitupwa nyuma ya stoo. Nilipokuja likizo nikamwambia Mama Afya. Nilidhani namsaidia.

Juma lililofuata Bwana Afya alishuka Mikumi, amevaa mabuti meupe. Mlinzi akamwona, akampigia meneja. Meneja akadhani ni ukaguzi, akatoka mbio anafunga vifungo vya koti, akamkaribisha chai na keki.

"Mimi ni mstaafu," alisema mzee, "nimekuja kuchukua takataka zenu." Ila kwa kuwa alikuwa amefika, alipita jikoni. Nilimsikia mpishi mkuu akiuliza kwa sauti huyu babu anafunua masufuria yake kwa ruhusa ya nani. Tulimtoa kwa adabu, nyasi tukazipakia juu ya lori la mkaa.

Kabla hajaondoka nilimwambia, "Bwana Afya, usizitandike juu ya udongo. Chimba kwanza, weka kokoto, halafu mchanga, upe mteremko. Hapa kwetu zimekaa hivyo."

Akanitazama kwa huruma. "Binti, mimi nimechimbisha vyoo mji mzima. Wewe utanifundisha maji yanakokwenda?"

Akazitandika juu ya udongo.

Mwanzoni zilipendeza ajabu. Kiangazi Kilosa nzima ilipokuwa imekauka, nyuma kwa Bwana Afya palikuwa kijani kibichi. Watu waliomsengenya miaka yote walikuja kuchungulia kwenye wavu. Bi harusi mmoja aliomba apige picha pale, mzee akawafunga mbwa, akamwamuru bwana harusi avue viatu. Picha hizo zipo. Ukizitazama huwezi kujua kwamba yule bwana harusi amesimama juu ya mkojo wa miezi miwili.

Maana mkojo haukuwa na pa kwenda. Mfinyanzi chini haupitishi kitu. Matundu ya nyasi yaliziba, ukabaki humohumo katikati. Jua la saa saba lilipochoma plastiki, harufu iliinuka kama moshi wa jiko, ikaruka ukuta, ikaingia kwenye wali wa mama yangu. Jirani wa upande wa pili aliacha kuanika nguo. Mama alinipigia simu Mikumi. Nilitegemea malalamiko, kumbe alikuwa anacheka. "Mwanangu, njoo ule sikukuu," alisema. "Bwana Afya ananuka!"

Mzee alikana. Alisema ni bomba la maji taka la mtu mwingine, akatoka na tochi kulitafuta. Aliingia uani mwa majirani wanne kabla hajakubali kuinama kwenye uga wake mwenyewe. Na alipokubali, alikasirika, na kwa hasira alifanya jambo ambalo yeye kuliko sisi sote alijua halifanywi. Alichukua dawa ya klorini, ile kali ya kutibu visima, akaimimina yote juu ya mkojo uliolala, mchana kweupe.

Dawa hiyo ikikutana na mkojo hutoa hewa ya kukaba koo. Tulimwona Bwana Afya akitokea barabarani na bukta na buti moja, macho yanamtoka machozi, Onyo kwapani, Faini akivutwa kwa mkanda wa shingoni, wote watatu wanakohoa. Alikaa chini ya mwembe wa watu wengine nusu saa nzima hawezi kutamka neno. Ilikuwa nusu saa ya kwanza ya aina hiyo katika historia ya mtaa. Baada ya kuhakikisha hakufa, watu walikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Nilikuwepo siku ya ukaguzi. Nilikuwa nimekuja kula sikukuu kama nilivyoalikwa. Afisa afya mpya alikuwa msichana mwembamba, kilemba kimefungwa vizuri, jalada kifuani. Nyuma yake alikuja mwenyekiti, na nyuma ya mwenyekiti alikuja kila mtu aliyewahi kufunguliwa choo. Mjomba wangu alikuwa mbele kabisa.

"Shikamoo, baba," alisema yule afisa.

"Marahaba. Anza na choo."

"Nimekuja kwa ajili ya mbwa, baba."

"Unaanza na choo," alisema Bwana Afya. "Ukianza na ulichoitiwa, utaona hichohicho tu."

Akaanza na choo. Kilikuwa safi, sakafu yake ungeweza kulalia. Kisha akaenda kwenye uga, akapiga magoti, akainua kona ya nyasi. Umati ukarudi nyuma hatua tatu. Chini palikuwa na ute mweusi unaong'aa, na funza. Sikutaka kumtazama mzee usoni, nikamtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani.

Msichana akafungua jalada, akaanza kuandika. Bwana Afya alisogea, akasoma begani kwake.

"Umeandika 'harufu kidogo'," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Hii ni kidogo?"

Msichana akalikata neno 'kidogo' kwa kalamu.

"Andika 'harufu kali inayofika nyumba za jirani'. Andika 'mazalia ya nzi'. Funza hukuwaona?"

"Nimewaona."

"Sasa mbona unawaficha? Unawaonea aibu wao au unanionea mimi?" Akamwelekeza mahali pa kutaja kifungu cha sheria, akamrekebisha tahajia, akamwambia aweke muda. Yule binti alitaka kumpa mwezi mmoja. "Siku kumi na nne," alisema mzee. "Mimi nilitoa siku kumi na nne kwa watu wote." Kisha akaulizia adhabu. Msichana akasema kwa sauti ndogo kwamba kama hali haitabadilika, mbwa wataondolewa.

Kila mtu pale alijua mbwa wakiondolewa wanapelekwa wapi, na alijua zaidi yule aliyekuwa akibeba ndoo. Bwana Afya alisema, "Andika." Akasaini. Mjomba wangu, aliyeingoja siku hiyo miaka na miaka, aligeuka akaenda zake. Mama aliniambia baadaye kwamba chakula kilimshinda.

Kesho yake asubuhi nilivuka kwenda kwao na beleshi. Sikutumwa na mtu. Nyasi niliwaletea mimi.

"Shikamoo."

"Marahaba." Alikuwa ameshaanza kukunja kona ya kwanza peke yake. "Ulisema kokoto zinaanza, au mchanga?"

"Kokoto, Bwana Afya."

"Nilisikia vizuri. Nilikuwa nahakikisha kama unakumbuka."

Tulifanya kazi siku sita. Tulizikunja nyasi na kuzitundika kwenye wavu. Tukachimba ule udongo uliooza, tukaufukia mbali. Tukashindilia chini kwa mteremko kuelekea kwenye mtaro na shimo la kupokea maji, tukamwaga kokoto, tukafuatisha mchanga. Matundu ya nyasi yaliyoziba aliyazibua moja moja kwa msumari wa moto, amekaa kwenye kigoda, miwani puani. Mama Afya alituletea uji na kutangaza kwamba mumewe ameoa nyasi. Mbwa walifungwa upande wa pili, wakitutazama.

Siku ya nne, amechoka, aliegemea beleshi akamtazama Onyo.

"Yule mama yao," alisema, "alikula nyama yangu."

Nikasimamisha beleshi langu.

"Nilikuwa nimebakiza wiki mbili kustaafu. Niliambiwa wamezidi, na kweli walikuwa wamezidi, mtoto mmoja alikuwa ameng'atwa kule Msowero na kila mtu ana hofu. Kazi ilikuwa sahihi." Akapangusa jasho. "Jioni nikasikia vilio chini ya sakafu ya yale majengo ya reli. Kazi ilikuwa sahihi, binti. Usije ukasema nimesema vingine."

"Sitasema."

"Basi chota mchanga."

Nyasi ziliporudi chini nikamfundisha tunavyosafisha hotelini, naye, nakiri, alinisikiliza. Kinyesi kiokotwe asubuhi kabla jua halijakipiga, kikiwa bado kinainuka chote. Mkojo umwagiwe maji mengi kila siku, sehemu wanazozipenda zaidi. Mara moja kwa juma, siki na maji, iachwe ikae kidogo, halafu brashi ngumu, ukisugua kinyume cha nyasi zilivyolala ili zisimame. Halafu maji tena. Klorini, kamwe.

"Siki," alirudia. "Ya kachumbari?"

"Ya kachumbari."

Aliandika kwenye karatasi, akaibandika ukutani. Yule afisa aliporudi siku ya kumi na nne alipiga magoti, akainua kona, akanusa, akainuka. Mzee alisimama wima mikono ubavuni. Alipopewa karatasi ya kufunga shauri, aliisoma mara mbili akitafuta makosa. Hakupata. Naamini ilimuuma kidogo.

Asidhani mtu kwamba mambo hayo yalimlainisha. Juma lilelile alimwandikia mwenyekiti wa kitongoji barua kuhusu choo cha ofisi yake.

Miaka ikapita, mimi nikawa narudi Kilosa kwa nadra. Faini alikufa kwa uzee. Mama Afya alifuata, ghafla, masika moja mito ilipojaa nikashindwa kufika mazikoni. Nilisikia kwamba wanawake wa mtaani, hao hao waliompeleka mumewe kwa mwenyekiti, walipika siku tatu uani kwake, na mzee alipita kukagua masufuria, na hakuna aliyemzuia.

Nilimwona mwaka huu, baada ya Idi. Nilimkuta kwenye uga, amepiga magoti juu ya gunia, anasugua. Amekonda sana. Onyo amelala kivulini, macho yana ukungu.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba. Ni wewe wa Mikumi." Alijiinua kwa kushika wavu. "Umekuja wakati mzuri. Niliugua mwaka jana, kifua na homa. Nimepona, ila sinusi kitu. Chai, sabuni, maua, mavi, kwangu vyote ni sawa."

"Pole sana."

"Sitaki pole. Nawauliza watu hapa kama pananuka, wote wananiambia hapana, Bwana Afya, pazuri sana. Yule mama wa upande wa pili, afisa, mjomba wako. Mjomba wako, mwanangu! Tangu lini mjomba wako akanisifia?" Akanionyesha zile nyasi kwa brashi. "Wewe ulikuwa unalipwa kwa kazi hii. Nusa."

Nilikuwa nimevaa gauni la Idi na nina udhu. Nilivua viatu, nikapiga magoti. Zilikuwa zimechakaa, rangi imefifia kama kanga ya zamani, lakini zimesimama. Katikati palikuwa safi. Karibu na mlango palikuwa safi. Nikatambaa mpaka kona ya mwisho, pale mzee asipoweza kuinama tena vizuri, nikashusha uso. Ilinipiga mpaka machoni. Nyuma yangu nilimsikia anavuta pumzi kwa shida, anasubiri. Ningeweza kusema neno moja tu na kwenda kunywa chai kwa mama.

"Pananuka," nilisema.

"Wapi?"

"Kona hii. Mkojo. Wa siku nyingi."

Alifumba macho kidogo, kisha akaja na ndoo ya siki, akaimwaga, akashuka chini taratibu, goti moja, halafu la pili. Akasugua. Nikanusa, nikamwambia bado. Akamwaga maji, akasugua. Bado. Nilitaka kumpokea brashi, akanisogeza kwa kiwiko. Tuliendelea hivyo mpaka jasho likamdondoka puani na adhana ya adhuhuri ikaanza. Nilinusa mara ya tano.

"Sasa hakuna kitu," nilisema.

Akanitazama usoni, kwa muda mrefu, akitafuta huruma. Hakuiona. Ndipo akaweka brashi chini, akaniomba nimsaidie kusimama.